Fizikia ya Asubuhi

Dada yangu Idalina ana ng'ombe wa maziwa mia na kitu, magoti mabovu, na binti mmoja anayeitwa Natércia. Mwulize ni kipi kati ya hivyo kilichomnyima raha zaidi maishani, atakwambia ng'ombe. Usimwamini. Mimi ni mdogo wake, namjua.

Sisi ni Wareno wa visiwa vya Azori. Wazee wetu walihamia huku Bondeni, Kalifornia, na kazi waliyokuja nayo ni maziwa. Katika ukoo mzima ni mimi tu niliyeikimbia. Niliolewa na mwoka mikate ili nisiamke alfajiri kukamua, kumbe mwoka mikate anaamka mapema zaidi. Mume wangu alicheka sana siku nilipogundua.

Natércia hakukimbia. Baba yake, Arménio, alifariki kwa saratani mwaka ule binti alipomaliza sekondari. Tulipotoka kuzika, msichana alivaa mabuti ya marehemu, akayajaza soksi yamkae, akaingia bandani kuwasha mashine za kukamulia. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyemzuia pia, na hilo ndilo lililokuwa likinikera mimi. Arménio alikuwa na msemo wake kwamba mkono wa mgeni hukausha maziwa, na Idalina aliushika msemo ule kama amri ya kumi na moja. Kuajiri mtu ilikuwa mwiko. Basi mama akawa analisha ndama, na binti ndiye mkamuaji, alfajiri na alasiri, Krismasi na Pasaka. Ng'ombe hawana sikukuu.

Halafu kisima kikakauka. Ilikuwa kiangazi cha ule ukame mkubwa, na visima vya nusu ya Bonde vilikuwa vimekauka, hivyo wachimbaji walikuja baada ya kusubiriwa kama harusi. Natércia alisimama pembeni ya mtambo wao kutwa nzima.

"Maji yameshuka, binti," fundi alimwambia.

"Yameshuka kwenda wapi?"

"Chini."

"Chini wapi? Na yatarudi? Na huyu jirani mwenye bustani ya lozi akichimba zaidi yenu, yetu yanakwenda kwake?"

Fundi akamwangalia Idalina. "Mama, huyu mtoto ni mkamuaji au ni wakili?"

Wiki ile ile alikuja dukani kwangu, akaegemea kabati la keki, akaniambia, "Mama mdogo, nataka kusomea uhandisi wa maji. Usimwambie Mama kwanza."

Nilimwambia Idalina siku hiyo hiyo. Mnanijua. Dada yangu aliendelea kukoroga maziwa ya ndama, kisha akauliza neno moja tu: "Na nani atakamua?"

Njia ilikuwepo, na ilipita karibu na nyumbani. Tuna chuo cha jamii hapa mjini, majengo ya kahawia nyuma ya uwanja wa maonyesho, ambako hata mimi nilisoma kupamba keki. Unasoma hapo miaka ya mwanzo ya uhandisi kwa ada ya mtu wa kawaida, ukifaulu unahamia chuo kikuu na kumalizia huko. Natércia alikitaka chuo kikuu kimoja cha pwani, ng'ambo ya milima. Watu wa ukumbini kwetu, ule ukumbi wa Wareno, walimcheka. "Chuo kilichomtoa Deolinda na maua yake ya sukari ndicho kitamtoa mhandisi?" Mimi niliwajibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba maua yangu waliyala wao wenyewe wakalamba na vidole.

Basi akawa anakamua alfajiri, anaoga, anakwenda chuo, anarudi mbio kukamua alasiri. Kitabu cha kalkulasi alikifunga kwenye mfuko wa plastiki akakiegemeza juu ya tangi la kupozea maziwa, na ukipita bandani ungemsikia akizungumza na ng'ombe habari za pembe na mistari. Darasani walimpenda ingawa harufu ya banda haikumtoka. Alikuwa akijitania mwenyewe kabla hajataniwa. "Nikae dirishani," alikuwa akiwaambia, "kwa afya yenu." Kalkulasi alifaulu yote. Nilibandika matokeo ukutani dukani, kando ya bei za mikate, mpaka akaja akayabandua kwa aibu.

Mwaka wa pili ulipofika, akatakiwa kusoma fizikia. Hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika, na sote tulikuwepo tunatabasamu. Chuoni zilikuwepo fizikia mbili, moja asubuhi na nyingine alasiri. Ya alasiri ilikuwa na maabara ndefu inayoanza wakati ule ule viwele vimejaa na ng'ombe wamejipanga mlangoni wakilia. Natércia hata hakuifikiria. Alijiandikisha ya asubuhi. Hakumwuliza mshauri wa chuo, kwani ratiba yake yeye ilikuwa imeshapangwa na ng'ombe tangu azaliwe. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Fizikia ni fizikia, mwanangu. Jiwe likiachiwa asubuhi linaanguka chini, likiachiwa alasiri linaanguka hapo hapo." Tukacheka. Akaisoma, akapata alama za juu kabisa, akaomba kuhamia chuo kikuu.

Majira ya maua ya lozi yakapita. Jibu likaja.

Nilikuwa jikoni kwa dada yangu, nimeleta mkate mtamu. Natércia aliingia kutoka bandani, simu mkononi, akasema, "Wamekataa." Alisema kama mtu anayesema mvua haikunyesha. Nilisimama nimkumbatie, akanikwepa. Idalina alikuwa ameshika upawa. Akapakua supu ya maharage na soseji, akaiweka mezani, akasema, "Basi, mwanangu. Kula." Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza lolote. Nililiona jambo hilo, lakini siku hiyo huzuni ilikuwa nyingi na sikutaka kuongeza.

Natércia akala vijiko viwili vitatu, akarudi bandani. Chuo hakukitaja tena. Alikuwa na miaka ishirini na nne, na tangu siku ile akawa anatembea kama mama yake, mikono nyuma.

Mwezi Juni ikafika sikukuu yetu ya Roho Mtakatifu. Tunatoka ukumbini kwa maandamano mpaka kanisani, wasichana na taji, bendi mbele, na jua la Bonde juu ya vichwa. Mwenye nadhiri yake huilipa siku hiyo. Wengine hutoa ng'ombe wa kupikwa, wengine mikate, na walioomba jambo zito hutembea miguu mitupu. Masharti tunayajua sote: usipopewa ulichoomba, hulipi. Arménio alipokuwa mgonjwa Idalina aliahidi kutembea miguu mitupu maisha yake yote akipona. Hakupona. Na dada yangu hakuvua kiatu, wala hakuna aliyemlaumu.

Mwaka ule nikageuka katikati ya maandamano nikamwona nyuma ya taji, viatu mkononi, anakanyaga lami.

Lami ya Juni huku kwetu inakaanga yai. Magoti yake yale, na nyayo juu ya lami, na macho mbele. Kando yangu Bi. Conceição, ambaye hapitwi na jambo, akaninong'oneza, "Shoga, dada yako amepewa neema gani? Mbona hamkutuambia tushangilie?" Nikamwambia atazame bendi.

Natércia naye aliona. Alikuwa pamoja na wasichana waliobeba mikate, na nilimwona akihesabu moyoni. Mwaka ule nyumba ile ilikuwa imepewa nini? Kisima kipya kilikuwa kinatoa maji ya tope. Bei ya maziwa ilikuwa chini. Magoti yalikuwa yale yale. Kitu kimoja tu kilikuwa kimetokea.

Baada ya misa watu waliketi ukumbini kwenye meza ndefu kula nyama na mkate uliolowa mchuzi. Sisi watatu tulijikuta jikoni, nyuma ya masufuria. Idalina alikuwa ameketi juu ya kreti, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Natércia akafunga mlango.

"Mama, umeomba nini?"

"Nadhiri ni ya mtu na Mungu wake."

"Mama."

"Waambie wa mezani bado kuna mchuzi."

"Mama, umeomba nini?"

Dada yangu alitazama maji ya beseni. "Nimeomba usiende," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliusikia msemo huo masikioni mwangu kama kuna mtu ameusema. Nilikasirika. Kama si miguu yake kuwemo, ningemmwagia lile beseni kichwani. "Dada!" nilisema. "Mtoto wako mwenyewe!"

"Nyamaza, Deolinda. Wewe unaishi mjini, una watu wanaingia na kutoka." Kisha akamgeukia binti. "Tangu baba yako afe, kitu ninachokisubiri kila siku ni mashine zizime. Zikizima najua utaingia jikoni. Nikafikiri, akienda, zitazimwa na nani? Zitazima halafu mlango hautafunguka. Nikaogopa. Nikaomba. Akanipa upesi mno, mwanangu, mpaka nikaogopa zaidi. Nililala na hofu ile tangu siku ulipoingia na simu."

Natércia alikuwa amejishika kwenye meza. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda nijue kwamba anacheka na kulia pamoja.

"Siyo Roho Mtakatifu, Mama," alisema. "Ni ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wetu! Nilisoma fizikia isiyo yangu. Ile ya asubuhi ni ya wanaokwenda kusomea uuguzi, haina kalkulasi. Ya wahandisi ni ile ya alasiri. Mimi nikachagua ya asubuhi kwa sababu ya kukamua. Walipokataa nilikwenda kumwuliza mwalimu, Bi. Hagopian, akanishangaa. Akaniambia, binti yangu, kwani hukuuliza? Niliona aibu, ndiyo maana sikuwaambia. Hata ungeomba niende, Mama, ungeomba mpaka ulimi utoke nje, wasingenichukua."

Idalina alimtazama, kisha akaitazama miguu yake.

"Kwa hiyo nimeungua bure?"

"Bure kabisa," nikasema mimi, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Natércia akatoka, akarudi na kile kikopo cha mafuta ya chuchu za ng'ombe ambacho hakikosekani kwenye gari la mkamuaji yeyote. Akapiga magoti, akazitoa nyayo za mama yake majini, akazikausha kwa aproni yake, akazipaka taratibu, kidole kwa kidole, kama anavyompaka ng'ombe aliyepasuka chuchu. Zilikuwa nyekundu, na kisigino kimoja kilikuwa kimeota lengelenge. Nilimwona dada yangu akinyoosha mkono kuzigusa nywele za binti yake, akausitisha hewani, hana uhakika kama bado ana ruhusa. Natércia alikisogeza kichwa kikakutana na ule mkono. Hapo ndipo nilipogeukia masufuria, maana nami nina machozi.

"Hiyo ya alasiri," Idalina aliuliza baada ya muda, "inaanza lini?"

"Agosti. Lakini Mama, ng'ombe..."

"Sikukuuliza habari za ng'ombe."

Mwaka uliofuata dada yangu, na magoti yake, alirudi bandani alasiri. Alijifunga vitambaa magotini, akashuka ngazi za shimo la kukamulia, ambamo mkamuaji husimama viwele viwe usawa wa mikono, akishika ukuta, akipanda na kushuka na kutukana kwa Kireno cha visiwani ambacho vijana hawakijui tena. Nilimwambia aajiri mtu. Akaniuliza kama nimesahau aliyoyasema Arménio. Nikamwambia Arménio alisema pia kwamba mtandao ni upepo wa kupita. Hakucheka. Natércia alikuwa akirudi kutoka maabara gizani, anamkuta mama ameketi juu ya ndoo, mashine zimekwisha kuzima, hawezi kusimama bila kushikwa. Wanapanda pamoja mpaka jikoni, polepole, huku binti anasimulia mambo ya mikokoteni na kamba na uzito, na mama anaitika "ehe" kama anaelewa.

Aliifaulu ile fizikia. Haikuwa rahisi, Bi. Hagopian hakuwa mtu wa kugawa alama kama pipi. Akaomba tena chuo kile kile, na tukasubiri tena.

Siku jibu lilipotoka nilikuwepo. Nilikuwa nakuja kila siku, sitaficha. Natércia aliingia, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akasema akiwa ametupa mgongo:

"Wamekataa tena."

Nilikaa chini. Lakini Idalina alikuwa akimenya viazi, na kisu hakikusimama.

"Waongo," alisema.

"Mama, wamekataa. Basi. Siyo lazima kila mtu..."

"Kama siyo wao, basi ni wewe. Mmoja wenu anadanganya." Akaweka kisu mezani. "Mwaka jana niliomba usiende. Mwaka huu nimeomba uende. Nimeomba kila siku, kule shimoni, kwenye mavi ya ng'ombe, magoti yakiniwaka. Sijawahi kuomba kitu hivyo, hata kwa baba yako. Sasa niambie tena, ukinitazama."

Natércia aligeuka. Alijaribu. Msichana huyu anaweza kukokotoa uzito wa bwawa zima, lakini kudanganya hajui, na hilo alilirithi upande wetu.

"Wamenichukua," alisema, akaanza kulia. "Lakini umejiona ukipanda ngazi? Nitakuachaje? Utaanguka humo shimoni peke yako, nani atajua? Mimi siwezi, Mama. Siwezi kukaa darasani huko huku nakufikiria."

"Atajua Refugio."

"Refugio nani?"

"Mkamuaji. Anatoka kwa akina Borba, wamepunguza watu. Anaanza Agosti." Idalina akarudia viazi vyake. "Nimeongea naye tangu Februari. Nikamleta siku ukiwa chuoni, akakamua. Ng'ombe wale wapumbavu hawakujali hata kidogo. Wametoa maziwa vile vile. Nilikasirika siku tatu."

Sikuwa na habari hata chembe. Mimi, Deolinda, ambaye hujua hata mke wa padri angekuwa nani kama padri angeoa! Dada yangu alikuwa ameivunja amri ya marehemu mumewe, akamleta mgeni bandani, akasimama peke yake kutazama kama maziwa yatakauka, na hakumwambia mtu.

Natércia akamwendea pale pale kitini, akamkumbatia yeye na kisu na viazi. "Mama, ulitaka nisiende," alisema.

"Ndiyo. Na bado sitaki. Kutaka kwangu ni kwangu, wewe nenda."

Agosti ikaja. Refugio alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya nyasi, aliyemwita dada yangu "Bosi Mama" na kuwaimbia ng'ombe. Idalina alimsuta kwa kila kitu: anaimba mno, anaosha viwele kwa maji mengi, anasalimia ndama kabla ya kumsalimia yeye. Alikuwa akimfuata nyuma shimoni ili tu amsute. Nikajua watapatana.

Siku ya kuondoka gari lilipakiwa hadi dari, mito, sufuria, mikate yangu. Kwetu mtoto haondoki bila kuomba baraka. Natércia alisimama mbele ya mama yake uani, akasema, "Naomba baraka yako, Mama."

"Mungu akubariki," Idalina akajibu kwa sauti kavu, kama anavyojibu kila siku. Akamfunga kifungo cha kola kilichokuwa kimeshafungwa. "Uliza," akamwambia. "Huko usichague kitu bila kuuliza watu."

"Nitauliza, Mama."

"Na saa ya kukamua ikifika usikimbie. Kaa darasani. Hakuna anayekusubiri."

Gari likatoka, likapita bustani ya lozi ya jirani, vumbi likalifuata, halafu vumbi nalo likatua. Dada yangu alisimama wima, mkono juu ya paji la uso, akitazama barabara tupu. Kutoka bandani tukasikia mashine zikizima. Refugio alikuwa amemaliza. Ndipo dada yangu alipoanza kulia, kilio cha sauti, cha mtu mzima asiyejificha, nami nikamshika asianguke.

"Nilitaka aende," alisema kifuani kwangu. "Deolinda, naapa, nilitaka kwa moyo wote. Mbona inauma hivi?"

Nilimshika tu. Tulipoingia jikoni, Idalina alitandika meza. Akaweka sahani yake na yangu. Akasimama akifikiri, kisha akafungua dirisha, akaita kwa sauti iliyokwaruza:

"We Refugio! Umekufa huko? Nawa mikono, uje ule!"